Pampu ya zimamoto ipimwe huku juu

Ndugu Mhariri,

Kila kiangazi, hofu ya moto msituni Magamba ikirudi, watu hudai gari jipya la zimamoto. Sawa, lakini pampu nani anaipima? Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona, na huku juu, karibu mita 1,400, hewa ni nyepesi. Pampu huondoa tu hewa kwenye mpira wa kufyonzea. Kinachosukuma maji yapande ni uzito wa hewa ya nje. Pwani, kinadharia, yatapanda mita 10. Kwetu hayafiki 9, na kiutendaji hata 6 ni kwa mbinde. Gari lililofaulu majaribio Tanga mjini laweza kusimama darajani Soni likanguruma bure. Mara nyingi mchawi ni raba ya kiungio iliyokauka, ikapitisha hewa.

Naomba pampu ijaribiwe huku huku, mtoni, kila mwezi, na chujio litolewe tope. Tangi nalo lijazwe pomoni: la lita 5,000 likiwa nusu, maji huyumbisha gari konani (madereva wa mabasi yetu wanazijua kona hizo).

Wasalaam,
Msomaji wako, Soni, Lushoto