Mshahara wa mhudumu wa Kanyosha usitoke mfukoni mwa mgeni

Mfanyabiashara anayetoka Kigoma na kuingia Burundi kupitia Manyovu na Mugina huifikia Bujumbura kwa upande wa kusini. Barabara ya RN3 humpitisha Nyanza-Lac na Rumonge, ziwa likiwa mkono wake wa kushoto, kisha humwingiza Kanyosha kabla hajaliona jiji lenyewe. Wengi hushukia hapohapo. Chumba ni nafuu kuliko cha mjini, gari la mzigo linapata pa kuegesha, na asubuhi soko haliko mbali.

Kwa miaka mingi nyumba za wageni za daraja hili hazikuahidi zaidi ya kitanda, chandarua, ndoo ya maji na mlango unaofungwa. Tumbo la mgeni lilikuwa shauri lake mwenyewe. Alitoka nje akatafuta wali na maharage kibandani, au akaketi kwenye kabare la jirani kusubiri mishikaki.

Siku hizi baadhi ya wenye nyumba hizo wanaongeza mgahawa wa kuhudumiwa mezani. Kuna kitambaa cha meza, karatasi ya vyakula iliyofunikwa plastiki, na kijana au binti mwenye fulana ya sare anayeuliza mgeni atakula nini. Ni hatua njema, na hapa hakuna nia ya kuibeza. Lakini pamoja na kitambaa cha meza umeingia utaratibu mwingine usioandikwa popote: bili huletwa kwenye kisahani, mgeni hulipa, kisha mhudumu hubaki amesimama. Kinachosubiriwa ni bahashishi, na mgeni anajua hivyo.

Swali ni dogo kwa sura tu: nani anapaswa kumlipa yule aliyeleta sahani?

Kwanza apewe haki yake mwenye nyumba aliyeweka meza. Mfanyabiashara wa mpakani hatembei mikono mitupu. Ana fedha za mtaji, mara nyingi za aina mbili au tatu kwa wakati mmoja, na ana mzigo uani. Kutoka usiku kutafuta chakula ni kuiacha mali au kutembea nayo gizani. Kwa wanawake, ambao ni sehemu kubwa ya wanaobeba biashara ndogo za mipaka ya ukanda huu, jambo hili ni zito zaidi. Mama mwenye kanga na mkoba wa fedha kiunoni hataki kupita katikati ya walevi saa tatu usiku ili apate sahani ya ugali na ndagala.

Meza ya nyumba ya wageni ni ofisi pia. Hapo ndipo mnunuzi wa Bujumbura anapokuja kuonana na mwenye mzigo. Hapo daftari hufunguliwa, bei hukatwa, simu hupigwa Uvira au Kasulu kuuliza kama bidhaa imeshatoka. Mapatano ya dagaa, mafuta ya mawese, vitenge au vipuri hayafanyiki vizuri mtu akiwa amesimama mlangoni mwa chumba. Anayewauzia wageni wake chakula na pa kuketi anawapunguzia gharama nyingine ambazo hazionekani.

Na safari zenyewe zimerefuka. Uhaba wa mafuta ulioisumbua Burundi miaka ya karibuni umewafundisha wasafiri kwamba siku mbili zinaweza kuwa nne, gari likiwa limekaa uani likisubiri dizeli. Mtu aliyekwama siku nne hawezi kuishi kwa chai na chapati. Kwa hiyo mgahawa wa ndani unahitajika, na huko mbele utahitajika zaidi. Benki ya Maendeleo ya Afrika imefadhili mradi wa barabara unaounganisha pande mbili za mpaka huu: takriban kilomita 260 kutoka Kabingo hadi Manyovu kupitia Kasulu upande wa Tanzania, na kilomita 45 kati ya Rumonge na Gitaza upande wa Burundi. Lami ikikamilika wageni huongezeka, na wengi wao watalala kusini mwa jiji.

Tatizo halipo kwenye sahani. Lipo kwenye hesabu yake.

Mfanyabiashara mdogo anaishi kwa hesabu. Kabla hajavuka mpaka anajua nauli, kibali, ushuru wa soko, wabeba mizigo, chumba na chakula. Akishatoa vyote ndipo anajua kama gunia litamlipa. Bahashishi haikai ndani ya hesabu hiyo kwa sababu haina bei. Haiandikwi kwenye risiti, haiingii kwenye daftari, na hakuna anayeweza kumweleza mwenzake aliyebaki Kigoma kwa nini fedha ya safari imepungua.

Chukulia mtu anayekuja mara mbili kwa mwezi, akilala siku tatu kila safari na kula mezani mara mbili kwa siku. Hiyo ni milo 12. Akiacha faranga 1,000 kila mara, mwezi umekula 12,000 na mwaka umekula 144,000. Si fedha ya kumfilisi. Lakini ni gharama aliyoiona baada ya kufika, na mtu wa biashara huchukia gharama ya namna hiyo kuliko hata gharama kubwa aliyoambiwa mapema.

Kuna jambo la lugha pia, ambalo wasafiri wa mipaka wanalielewa haraka. Kwenye vizuizi vya barabarani neno ni "chai". Tanzania iliwahi kuwa na "takrima" ya wagombea, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Bahashishi si rushwa, na mhudumu wa Kanyosha hastahili kuwekwa kapu moja na mla hongo. Hata hivyo, aliyekwisha kutoa "ya chai" njiani zaidi ya mara moja, akifika mezani na kukuta mtu mwingine amesimama akisubiri, haoni tofauti kubwa. Mkono ni uleule uliofunguliwa nusu.

Mjadala huu haukuzaliwa Bujumbura. Huko Florida, Marekani, kampuni ya Walt Disney World ina hoteli za bei nafuu kwa familia zinazokwenda kwenye viwanja vyake vya burudani, kama Pop Century na zile za All-Star. Katika hoteli hizo mgeni huagiza kaunta na kubeba trei yake mwenyewe. Migahawa ya kuhudumiwa mezani imewekwa kwenye hoteli za gharama zaidi. Anayeshangaa kwa nini hoteli ya bei rahisi imekosa mhudumu wa mezani apige hesabu ya Kimarekani. Mezani hutarajiwa bahashishi ya asilimia 15 hadi 20 ya bili. Familia iliyochagua chumba cha bei nafuu ingejikuta inalipa tena kile ilichokikimbia.

Tena Marekani wana sababu yao ya kisheria. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bahashishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, kwa matumaini kwamba wateja watajaza pengo hadi kima cha chini cha dola 7.25. Majimbo kadhaa yamekataa utaratibu huo na kuweka viwango vyao vya juu zaidi. Kwingine sheria inauruhusu, na mteja amegeuzwa mlipaji wa mshahara.

Burundi haikutunga sheria ya namna hiyo, lakini inaelekea mahali hapohapo kwa njia ya ukimya. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1988 kilikuwa faranga 160 kwa siku mjini Bujumbura na 105 mikoani. Miaka zaidi ya 30 ilipita kiwango hicho kikiwa palepale, huku bei ya kila kitu ikipanda. Bila shaka hakuna mwajiri anayeweza kumpata mtu kwa fedha hizo. Mshahara huamuliwa kwa maelewano. Lakini maelewano kati ya mwenye hoteli na binti anayetafuta kazi ya kwanza hayana mizani sawa. Sheria haimpi huyo binti pa kusimama. Mgeni mmoja akiacha noti ya 1,000 mezani ameacha ujira wa siku sita na zaidi kwa kiwango cha 1988.

Hapo ndipo kishawishi kinapomjia mwenye nyumba. Akijua kwamba wageni huacha fedha, anaweza kushusha mshahara na kusema, "Utajazia kwa wateja." Mgahawa unafunguliwa, bei ya chumba inabaki ya kuvutia, na gharama ya watumishi imehamishiwa mfukoni mwa Mkigoma na Mvira bila mtu yeyote kutangaza. Katika baa na migahawa mingi ya ukanda huu mzigo wa mhudumu hauishii hapo: glasi ikivunjika anakatwa, mteja akitoroka na bili anakatwa. Bahashishi aliyopata jioni inaishia kufidia hasara za biashara isiyo yake.

Wapo wanaoitetea bahashishi kwa hoja kwamba huamsha bidii. Wanasema mhudumu anayejua kuna chochote mwishoni hatachelewesha mukeke kwa saa nzima. Hoja hii ina nusu ya ukweli, kwa maana bidii huamshwa, ila kwa baadhi ya meza tu. Mhudumu anayeishi kwa noti za wageni hujifunza kusoma wageni. Atawakimbilia vijana wa mjini walioagiza chupa za Amstel na nyama ya kuchoma. Mama wa dagaa aliyeagiza chai ya maziwa na ugali ataangaliwa mwisho, kwa sababu kwenye mkoba wake hakuna dalili ya noti kubwa. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mfanyabiashara mdogo inaanza kumhudumia kama mtu aliyepotea njia.

Wenye nyumba nao wana kilio chao, na si cha uongo. Makaa yamepanda, mafuta ya jenereta ni ya kutafutwa, na chumba kikipandishwa bei mgeni anahamia nyumba ya pili. Hawawezi kulipa mishahara ya hoteli za ufukweni. Lakini hakuna anayewadai hivyo. Kinachodaiwa ni kwamba gharama ya mhudumu, hata ikiwa ndogo, iandikwe ndani ya bei ya sahani. Mukeke ukiongezwa faranga mia kadhaa na bei ikaandikwa ukutani, mgeni ataamua kabla hajakaa. Atakula, au atakwenda kibandani, bila kinyongo. Ufaransa, ambayo lugha yake bado iko kwenye bili nyingi za Bujumbura, ilikwisha kuamua kwamba bei inayoonyeshwa mgahawani iwe na gharama ya huduma ndani yake. Mgeni akiridhika huacha sarafu, asipoacha hakuna anayemtazama vibaya.

Utaratibu huo unaweza kuanzia Kanyosha bila kusubiri kikao cha Arusha. Ubao wa bei uwekwe mlangoni, kwa Kirundi na Kiswahili, maana mgeni wa Manyovu hatasoma Kifaransa. Uandikwe wazi kwamba huduma imelipiwa. Anayetaka kumshukuru mhudumu amshukuru, kwa noti au kwa Lumicash, na fedha hiyo iwe ya mhudumu yote. Uingereza iliona haja ya kulitungia jambo hili sheria, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inayomzuia mwajiri kuchota bahashishi za wafanyakazi wake. Na kukata mshahara wa mhudumu kwa bili ya mteja aliyetoroka kukomeshwe, kwani mwenye duka haendi kumdai mchukuzi deni la mnunuzi.

Arusha ina sehemu yake pia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vigezo vya pamoja vya kuzipanga hoteli kwa nyota, na wakaguzi wamefunzwa kuvitumia. Nyumba za wageni wanakolala wafanyabiashara wadogo ziko chini ya nyota ya kwanza, na nyingi hazitaipata kamwe. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 iliahidi watu na huduma kuvuka mipaka kwa uhuru. Mtu amekwisha kuvuka. Masharti mawili tu, bei iliyoandikwa na mshahara usiotegemea kisahani, yangemfaa mlalaji wa Kanyosha kuliko nyota tatu za hoteli ambayo hataingia.

Vyama vya wafanyabiashara vya Kigoma, Rumonge na Uvira vina nguvu ambayo mara chache hutumika: vinajua wanachama wao wanalala wapi. Chama kinachowapeleka watu 20 kila wiki kwenye nyumba moja kinaweza kukaa na mwenye nyumba mezani, meza ileile mpya yenye kitambaa, na kumuuliza mambo mawili kabla ya kuagiza chakula. Bei hii ni ya mwisho? Na huyu binti anayetuhudumia, mwezi huu amelipwa?