Anakoroma, kisha ananyamaza: daktari wa meno anahusikaje?

Akina mama wengi wa vijiji vya Bariadi wanaijua hali hii. Mume anakoroma kwa nguvu, ghafla anakata pumzi, kisha anashtuka akihema kama aliyetolewa majini. Asubuhi kichwa kinamuuma, mchana anasinzia juu ya bodaboda. Tunasema ni uchovu wa shamba la pamba. Huenda ni ugonjwa.

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea na ulimi hurudi nyuma. Kwa baadhi ya watu, njia ya hewa huziba kabisa, oksijeni hupungua na ubongo humwamsha mara nyingi usiku bila mwenyewe kujua. Hali hii huambatana na presha, na dereva anayesinzia ni hatari kwa wote barabarani.

Tiba inayojulikana zaidi ni mashine ya kusukuma hewa puani, iliyobuniwa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini inahitaji umeme usiku kucha.

Hapo ndipo anapoingia daktari wa kinywa na meno. Yeye hutengeneza kifaa cha kuvaa kinywani wakati wa kulala, kinachoshika meno ya juu na ya chini na kuvuta taya la chini mbele. Ulimi umeshikana na taya hilo, kwa hiyo nao husogea na hewa ikapita. Kifaa hiki hakihitaji umeme. Huwafaa zaidi wenye ugonjwa mdogo au wa kati.

Kwetu kuna kikwazo: kifaa kinahitaji meno imara ya kukishikilia, na vijijini jino likiuma tumezoea kung'oa. Anayeng'oa jino ambalo lingezibwa anapunguza na nafasi yake ya kupata tiba hii. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Tunaona ni haki ya mwananchi kuuliza: je, bima yangu italipia kuziba jino, au kung'oa tu?

Msikilizaji, usinunue kifaa mtaani. Daktari wa meno hatengenezi kabla ugonjwa haujathibitishwa. Anza kituo cha afya, pimwa presha, omba rufaa. Na uende na anayelala karibu nawe, maana yeye ndiye aliyesikia ule ukimya.