Sifa Isiyopimwa

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aghalabu methali hii hutolewa kumwonya mgema. Lakini mwenye kusifu naye ana hatia yake, maana sifa isiyopimwa ndiyo iliyoyafungulia maji mlango.

Mto Kilombero ulijengewa daraja, likafunguliwa mwaka 2018. Lakini mtoto wa Katindiuka, atokapo katika shule ya msingi ya serikali, ifundishayo kwa Kiswahili, na kuingia kidato cha kwanza kifundishwacho kwa Kiingereza, huvuka mto mwingine usio na daraja. Ng'ambo ya pili jawabu lake haliambiwi tena kwamba ni sahihi, wala kwamba lina hoja, wala kwamba limepangika. Huambiwa "good", na likizidi, "nice". Hajui ni lipi lililompendeza mwalimu, basi hajui ni lipi la kulirudia kesho.

Wako wasemao ya kuwa maneno hayo yana heshima kupita ya nyumbani. Na waitazame nasaba yake. "Nice" limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya asiyejua. Likapitia Kifaransa, na lilipoingia katika Kiingereza lilikuwa tusi la mpumbavu. "Terrific" lilikuwa jina la jambo litishalo. Waingereza wenyewe waliuona uvivu huu zamani: katika Northanger Abbey, riwaya ya Jane Austen iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 1817, Henry Tilney humcheka msichana atumiaye "nice" kusifia kitabu.

Wala haisemwi hapa kwamba neno la kigeni ni najisi. "Ahsante" ni Kiarabu, na asili yake ni kumwambia mtu kuwa ametenda vyema. "Shabashi" asili yake ni Uajemi. Lakini wageni hawa walipewa jembe, wakalima. "Hongera" hupewa aliyevuka salama jambo zito, kama uzazi au jando. "Stadi" huitwa mkono uijuao kazi. "Maridadi" ni kilichopambwa. "Barabara" ni kilichokaa sawasawa. Kila neno humlazimisha msemaji atazame kwanza, ndipo asifu.

Mkulima wa bonde hili hausifii mchele wake kwa neno moja: huu wanukia, huu haukatiki, ule huchambuka uivapo. Mnunuzi ajuaye kusema "nice" tu atauziwa chenga sokoni na kushukuru.

Sheria ya lugha ya kufundishia haikuandikwa na mwalimu, wala haimzuii kupima. Asifupo kwa Kiingereza, na akitaje kisifiwacho. Asifupo kwa Kiswahili, asilifiche neno lililo wazi nyuma ya neno la kuazima. Mtoto wa Katindiuka hakuomba kusifiwa sana. Alichostahili ni kusifiwa kwa haki. Ampaye sifa asiyoipima hakumpa kitu, na kesho atakapoonja tembo la maji, asimlaumu mgema peke yake.