Afya Nyumbani: Mionzi Kidogo, Hofu Kubwa



Mwezi uliopita, baada ya kikao cha akina mama kanisani, mwenzetu mmoja alinivuta kando. Alikuwa amepigwa picha ya eksirei ya kifua kabla hajajua kuwa ana mimba. Jirani akamwambia mtoto atazaliwa na kilema, heri aitoe. "Dada nesi, nifanye nini?" aliniuliza huku akilia.

Nilimweleza kwamba mionzi haipo hospitalini tu. Inatoka angani, ardhini, kwenye mawe, hata katika ndizi tunazokula. Kwa wastani mtu hupata milisiviti 2.4 kwa mwaka. Picha ya kifua huongeza isiyofika hata 0.1, na inayomfikia mtoto tumboni ni ndogo zaidi. Kilema kwa mtoto hakijaonekana kusababishwa na kipimo kilicho chini ya 100.

Huko Karunagappally, katika pwani ya Kerala nchini India, mchanga wenyewe una madini ya thoriamu, na wako wanaopata mionzi mara nyingi zaidi ya wastani huo. Watafiti waliwafuatilia watu wapatao 70,000. Taarifa yao ya mwaka 2009 haikuonyesha kuwa mionzi hiyo imeongeza saratani.

Hofu, lakini, imeshaleta msiba. Mwaka 1986 mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, huko Ukraine, ulilipuka. Ugiriki ilifikiwa na mionzi kidogo tu. Hata hivyo, watafiti walikadiria kuwa mimba zipatazo 2,500, za watoto waliokuwa wakitamaniwa, zilitolewa huko kwa sababu ya woga.

Je, basi tusijali? La. Mionzi mingi hudhuru, na hata kidogo hatuitafuti bila sababu. Kwa hiyo zingatia haya:

1. Hedhi ikichelewa, mwambie mpiga picha kabla hujaingia chumbani.
2. Usidai picha isiyo ya lazima, wala usikatae ile ambayo daktari anaihitaji.
3. Kama umepigwa picha ya tumbo au nyonga ukiwa mjamzito, nenda kliniki wakukadirie kipimo. Usiamue kwa maneno ya jirani.

Mwenzetu anaendelea vizuri na kliniki. Jirani yake naye nimemwalika kwenye kikao kijacho.