Maua Yaliyopinda Shingo

Kuna simu ambazo mzazi huzielewa kabla hajaambiwa neno. Pumzi ya mtoto yatosha. Simu ya namna hiyo ilitufikia usiku mmoja wa mwezi wa Juni 2023. Ilitoka kwa binti yetu wa pili, ambaye wakati huo alikuwa mwaka wa tatu chuoni na alikuwa amepelekwa Naivasha kwa mazoezi ya kufundisha. "Mama," alisema, "mimi kazi hii sitaiweza."

Kisa chenyewe ni hiki. Mwalimu mwenyeji alimkabidhi darasa la sayansi kimu, kidato cha pili, wanafunzi 43, wasichana na wavulana, akamwambia awafundishe kupanga maua. Huenda baadhi yenu mtacheka, kwamba kupanga maua nalo ni somo? Hata sisi tulicheka kidogo mara ya kwanza. Lakini fikirini arusi, mazishi na meza ya kanisani kila Jumapili, halafu mseme kama kazi hiyo haina mtu anayeitegemea.

Binti yetu alijiandaa jinsi alivyofundishwa. Andalio la somo lilijaza kurasa nne. Alichora umbo la pembetatu, la mviringo na la mwezi mchanga, akaandika kwamba ua refu kuliko yote liwe kama mara moja na nusu ya kimo cha chombo, na ua kubwa likae chini katikati ili macho yapate pa kutulia. Lakini shule haikuwa na chombo hata kimoja, wala ile sponji ya kijani ya kuchomekea mashina. (Sponji hiyo ilibuniwa Marekani na Vernon Smithers mwaka 1954. Ni aina ya plastiki na haiozi, basi msihuzunike mkiikosa.) Akachukua fedha za nauli tulizompa, akanunua mafungu matatu ya mawaridi mjini saa moja asubuhi, akayapakata ndani ya matatu, akafika na kuyatia katika ndoo ya maji kwenye ofisi ya walimu, karibu na dirisha lenye jua. Kipindi chake kilikuwa saa nane mchana.

Akina mama mnaolima maua mmekwisha kujua kilichotokea. Shina la waridi likikatwa na kukaa nje ya maji, hewa huingia na kuziba zile njia nyembamba za maji. Hata ukilitumbukiza baadaye katika ndoo iliyojaa, ua linakufa kwa kiu huku limesimama majini. Alipoingia darasani shingo za mawaridi zilikuwa zimepinda kama watoto waliokaripiwa. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, maua yako yanasinzia." Darasa zima likaangua kicheko.

Angeweza kucheka pamoja nao. Sisi tuliolea vijana tunajua kwamba kicheko cha namna hiyo hupita upesi ukikiachia njia. Lakini msichana wa miaka 22 aliyesimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza hajui hivyo. Alipaza sauti, akagonga meza, akaanza kuita wanafunzi mmoja mmoja waje mbele kushika maua. Wa nne alikuwa msichana wa nyuma kabisa. Alikuja, akakunja mikono, akasema hashiki. Alipoulizwa sababu alijibu, "Mama yangu ameyashika tangu saa moja asubuhi. Nyumbani tumeyachoka." Binti yetu akamtoa nje, akasimama huko mpaka kengele ilipolia.

Tuliposikia hayo kwenye simu tulisema jambo ambalo leo tunalijutia. Tulisema mtoto yule hana adabu, na kwamba alistahili. Baba watoto, aliyekuwa akisikiliza kutoka kitini kwake, aliuliza swali moja tu. "Je, mama yake anafanya kazi gani?" Binti yetu hakujua. Sisi nasi hatukuwa tumewaza kuuliza, ingawa Naivasha kila mtu anajua ni nyumba ngapi zinazoishi kwa maua.

Kesho yake alimwita yule msichana wakati wa mapumziko, akamwomba radhi kwa kumtoa nje, kisha akauliza. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa kufungasha mawaridi katika shamba mojawapo kando ya ziwa. Kazi hiyo si ya mchezo. Maua huletwa kutoka kwenye mabanda ya plastiki, nao akina mama huyachambua kwa urefu wa shina, sentimita 40, 50, 60, huondoa majani ya chini, huyapanga vichwa sawasawa katika mafungu, kisha yanaingia kwenye chumba cha baridi kungoja lori la kwenda uwanja wa ndege Nairobi. Mengi huishia Uholanzi, kwenye mnada wa Aalsmeer, au moja kwa moja kwenye maduka makubwa ya Ulaya. Wiki chache kabla ya siku ya wapendanao ya tarehe 14 Februari mama hurudi usiku, vidole vimechomwa na miiba, miguu imevimba kwa kusimama.

Msichana alisimulia pia habari ya mwaka 2010, aliyoambiwa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mgongoni. Mwezi wa Aprili mwaka huo mlima wa volkano ulilipuka Iceland, majivu yakatanda angani, na ndege za Ulaya zikasimama karibu wiki nzima. Kenya maua yalitupwa kwa tani na wafanyakazi maelfu wakaambiwa wabaki nyumbani. Mama yake alikuwa mmoja wao. Mlima ulio mbali namna ile, ambao jina lake hata watangazaji wa redio walishindwa kulitamka, ulifanya nyumba yao ilale bila chakula. Baada ya hapo, alisema, yeye waridi akilitazama anaona unga.

Usiku ule binti yetu alitupigia tena, safari hii bila kulia. Alitaka kujua kama ni vibaya mwalimu kufundishwa na mzazi mbele ya wanafunzi. Tulimwambia si vibaya. Kusema kweli hatukuwa na hakika, maana katika siku zetu mzazi aliitwa shuleni kwa makosa tu.

Mama yule alikuja siku yake ya mapumziko, na sisi tulipanda matatu kutoka Nakuru kwenda kuona. Alikuwa mwembamba, amevaa sweta na leso safi, na alisita mlangoni kwa sababu aliishia darasa la saba. Binti yetu alimwambia, "Karibu, mama, leo mimi ni mwanafunzi wako." Akaleta mawaridi aliyonunua asubuhi, yamekwisha kulegea tena, safari hii kwa makusudi.

Mama hakuhutubu. Aliomba kisu kikali, si makasi butu yanayoponda shina. Alilishika shina ndani ya beseni la maji, akakata kipande cha sentimita mbili tatu kwa mshazari, humo humo majini, hewa isipate nafasi. Aliondoa majani yote ambayo yangezama, akieleza kwamba yakioza maji yananuka na ua linakufa. Kisha akayaviringisha maua kwa gazeti mpaka shingoni ili yasimame wima, akayatia katika ndoo yenye maji mengi, akasema yapelekwe kivulini yasiguswe kwa saa mbili. Yule kijana wa "yanasinzia" ndiye aliyebeba ndoo.

Katika zile saa mbili darasa liligeuka soko. Wanafunzi walikuwa wameambiwa walete vitu vya kwao, nao walileta makopo ya mafuta ya kupikia, vipande vya mgomba (hivi hushika mashina vizuri, na ndani yake mna maji tayari), matawi ya mikaratusi, bogenvilia, na wavulana wawili walileta mafunjo kutoka ziwani, marefu kuliko wao. Pembetatu ya ubaoni ilianza kueleweka. Mafunjo yakawa kimo, mikaratusi ikajaza ubavuni, na mahali pa ua kubwa paliachwa wazi.

Ndoo iliporudi na gazeti kufunguliwa, mawaridi mengi yalikuwa yamesimama. Matatu yalikataa. Mama alisema hayo yalichelewa mno, yakatwe mafupi yaelee katika bakuli.

Tulimtazama yule binti yake. Msidhani alitabasamu. Muda mwingi aliinamisha uso, kama kijana yeyote ambaye mama yake amesimama mbele ya wenzake. Lakini mwanafunzi mmoja alipomwita mama "Mwalimu" na kuuliza jinsi ya kukishika kisu, binti yule aliinuka bila kuitwa, akashika shina, akamwonyesha. Mikono yake ilikuwa myepesi. Kumbe alikuwa anajua.

Msimamizi kutoka chuoni alikuwa amefika bila taarifa, akakaa nyuma. Katika fomu yake aliandika kwamba kelele zilizidi na kwamba mwalimu hakulishika somo lake mwenyewe, akampa alama za wastani. Tuliudhika. Binti yetu aliisoma fomu mara mbili, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Watu walipokuwa wakitawanyika, yule mama alisogea mezani akatazama umbo moja lililopangwa ndani ya kopo, mawaridi matano, mikaratusi na bogenvilia. Alituambia kwamba amefungasha maua tangu kabla binti yake hajazaliwa, lakini huko kazini hakuna ruhusa ya kutoka na ua hata moja, na kwake hajawahi kuyaona yamewekwa juu ya meza. Wanafunzi walimpa. Tulipanda naye matatu moja hadi mjini, kopo amelipakata, mkono mmoja amekinga upepo wa dirishani.