Ardhi ikitikisika, nani hulipa ukuta?

USIKU wa Agosti 12, 2020, muda mfupi baada ya saa 2, wakazi wengi wa Dar es Salaam walishuka ngazi mbio wakiwa na kandambili, wengine bila hata hizo. Vikombe viligongana makabatini, taa zikaning'inia na kuyumba, na waliokuwa ghorofani wakahisi jengo linapepesuka. Mtikisiko ulisikika pia Zanzibar, Mombasa hadi Nairobi.

Baada ya nusu saa watu walirudi ndani. Kesho yake maduka yalifunguliwa kama kawaida, na habari ikageuka kichekesho cha vijiweni, nani alikimbia akamwacha mkewe, nani alidhani ni presha imempanda.

Kilichowapita wengi ni kwamba tetemeko lile halikuwa dogo. Vipimo vililiweka karibu na 6. Chimbuko lake lilikuwa chini ya Bahari ya Hindi, makumi ya kilomita kutoka jijini, na umbali huo ndio uliolifanya lionekane dogo kwa aliyekuwa Kariakoo au Mbagala.

Miaka minne kabla ya hapo, Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa unaokaribia huohuo, 5.9, liliupiga Mkoa wa Kagera, nalo halikuwa baharini. Chimbuko lake lilikuwa eneo la Nsunga, wilayani Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda na kiasi cha kilomita 40 tu kutoka mjini Bukoba.

Watu wasiopungua 17 walifariki dunia na zaidi ya 400 walijeruhiwa. Mamia ya nyumba zilianguka na maelfu nyingine zilipata nyufa. Ilikuwa Jumamosi, saa 9:27 alasiri, wakati wengi wako shambani, sokoni au uani. Kama lingepiga saa 9 usiku, idadi ya makaburi ingekuwa nyingine kabisa.

Kagera, kama ilivyo Pwani, si mahali ambapo wananchi walizoea kutikiswa kwa nguvu. Wazee wa huko wanajua ukame, mnyauko wa migomba na bei ya kahawa inayopanda na kushuka, lakini si watu wengi waliokuwa wamejenga nyumba wakifikiria tetemeko. Hapo ndipo hesabu ya mkulima na mfanyabiashara mdogo inapoanza.

Tetemeko halifanani na majanga mengine ya kilimo. Ukame huua mahindi na mafuriko huzoa mpunga. Kule Kagera migomba ilibaki imesimama na mibuni haikung'oka. Mtu aliyepita barabarani na kutazama mashamba tu angeweza kusema hakuna kilichotokea.

Hasara ilikuwa ndani ya uzio. Nyumba ya mkulima ndiyo ghala lake. Humo humo huwekwa gunia la maharage ya mbegu, kahawa inayosubiri kupelekwa chama cha msingi, jembe, bomba la kupulizia dawa na akiba iliyofichwa chini ya godoro. Ukuta ukianguka, mkulima hana makazi na hana ghala kwa mkupuo mmoja. Na Septemba ndio mwezi ambao mvua za vuli hukaribia au kuanza mkoani humo, wakati fedha iliyopo inatakiwa iende kwenye mbegu.

Fedha hiyo ikaenda kwenye mabati na tofali. Kwa hiyo shamba ambalo halikuguswa na tetemeko liliumia hata hivyo, ila kupitia mfukoni.

Wafanyabiashara nao walikuwa na yao. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa kiasi cha kufungwa. Shule ya bweni ikifungwa, muuza maharage, mwenye kuni na mwenye mashine ya kusaga hupoteza mteja ambaye hununua kwa gunia, si kwa kilo, na hakuna fomu ya maafa inayowaandika watu kama hao.

Nani alilipa? Serikali na wahisani walitoa chakula, mahema na mablanketi pamoja na baadhi ya vifaa vya ujenzi. Lakini hayati Rais John Magufuli alipozuru mkoa huo Januari 2017 aliweka wazi kwamba Serikali itarejesha miundombinu ya umma, na haitamjengea kila mwananchi nyumba yake. Kauli ile iliwaudhi wengi. Kwa mwenye kupanga fedha zake, hata hivyo, ilikuwa na faida moja: ilimwambia mapema kwamba ukuta wa nyumba ni wa mwenye nyumba.

Bima nayo ni jambo la kuangalia kwa makini. Mwenye duka mwenye bima ya moto hudhani amefunikwa kwa kila janga. Mara nyingi sivyo. Tetemeko huwekwa kama nyongeza, inayolipiwa kidogo zaidi na kuandikwa ndani ya mkataba. Isipoandikwa, haipo. Wale wenye mikopo midogo nao wasichanganye: bima inayokatwa pamoja na mkopo kwa kawaida huhusu kifo au ulemavu wa mkopaji. Nyumba iliyowekwa dhamana inaweza kuwa kifusi na marejesho ya mwezi yakabaki palepale.

Kwa hiyo kinachobaki ni ujenzi wenyewe, na hapa mafundi wa vijijini wanajua zaidi ya wanavyoulizwa. Ukuta wa tofali mbichi, au hata za kuchoma, uliounganishwa kwa udongo, hubeba paa miaka mingi bila tatizo kwa sababu uzito unashuka chini. Tetemeko husukuma kwa ubavu. Kona huachana, ukuta wa pembetatu ulio chini ya paa huanguka nje, na kilichobaki hufuata.

Dawa inayojulikana ni lenta: mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha bila kukatika, na kona zilizofungwa vizuri. Tatizo ni kwamba fedha ikipungua, lenta ndiyo hukatwa kwanza, huwekwa juu ya mlango na dirisha tu. Haionekani baada ya plasta, wakati bati la rangi huonekana na kijiji kizima.

Kwa nyumba iliyokwishajengwa, ufa mwembamba wa plasta si habari kubwa. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha na kupenya tofali, au unaotenganisha kuta mbili penye kona, unahitaji fundi kabla ya mvua. Dukani, rafu ifungwe ukutani, na ndoo za rangi, mitungi ya gesi na chupa za dawa za mifugo zikae chini, si juu ya kichwa cha mteja.

Wapo wakazi wa Dar es Salaam waliosema, baada ya ule usiku wa 2020, kwamba nyumba zao zimethibitika kuwa imara. Wamesema mapema. Nyumba zile zilikuwa mbali na chimbuko; mtihani waliofanyiwa watu wa Missenyi na Bukoba hazijaufanya. Na hadi leo, ofisa mikopo anayekuja kukagua nyumba ya dhamana huhesabu vyumba, hutazama bati, huomba hati. Ni nadra aulize kama lenta imezunguka.