Kwa Mafundi na Kamati za Ujenzi za Sudi

Wazee wangu wa Sudi, mafundi, wajumbe wa kamati za ujenzi, na nyinyi vijana mliomaliza shule,

Kila nikipiga simu nyumbani kutoka huku Manchester naulizwa kazi yangu hasa ni ipi, na kwenye simu haielezeki vizuri. Nimeona niiandike, kwa kuwa naamini itawafaa kuliko hizo fedha ninazotuma.

Mimi ni mratibu wa modeli za majengo. Hospitali moja ina wabunifu wengi: huyu anapanga vyumba, mwingine anahesabu nguzo, boriti na nondo, wengine wanashughulika na maji safi na majitaka, wengine umeme, wengine njia za hewa. Zamani kila mmoja alichora karatasi zake, na karatasi hizo zilikuja kukutana saiti, zege limeshakauka. Sasa kila mmoja analijenga fungu lake ndani ya kompyuta kwa vipimo kamili, kwa programu kama Revit, ArchiCAD au Tekla. Ukuta ukiwekwa humo unabeba habari zake zote: urefu, unene, aina ya tofali, mlango uliomo na tarehe ya kujengwa. Ukiusogeza, hesabu ya tofali inabadilika papo hapo. Utaratibu huu wenyewe wanauita BIM.

Mafungu hayo yananijia mimi, nayaunganisha, kisha programu inasaka migongano. Mara bomba la majitaka limepita katikati ya boriti, mara mlango unafungukia kwenye nguzo. Kwenye skrini bomba linahamishwa kwa dakika chache. Saiti ni kutoboa zege na kukata nondo, na boriti iliyokatwa nondo haibebi tena uzito iliohesabiwa kuubeba. Ndiyo maana kila wiki tunakutana, tunaupitia mgongano mmoja mmoja, na kila mmoja unapata mwenyewe wa kuutatua. Ukiniuliza mimi, faida kubwa iko kwenye kikao hicho. Kompyuta inawalazimisha watu wasemezane kabla ya koleo la kwanza kuingia ardhini.

Serikali ya Uingereza iliufanya utaratibu huu wa BIM kuwa sharti kwa miradi ya serikali kuu tangu Aprili 2016. Norwei wamefika mbali zaidi: daraja la Randselva, lenye urefu wa mita 634, limejengwa bila michoro ya karatasi. Mafundi walifunga nondo wakitazama modeli.

Msidhani haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Waliojenga Kilwa Kisiwani na Songo Mnara walikuwa na kipimo kimoja kilichowaunganisha wote, nacho ni boriti ya mkoko. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, kwa hiyo mkata boriti kule mikokoni na mwashi aliyeinua ukuta wa matumbawe walikuwa wameshaelewana kabla hawajaonana. Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14, limesimamishwa kwa kuelewana kwa namna hiyo. Na magofu hayo yenyewe yamo kwenye kompyuta. Watafiti wa mradi wa Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, waliyapima kwa miali ya leza na kuyatengenezea modeli. Nafurahi kwamba yamehifadhiwa. Lakini kijana wa Sudi anaweza kuliona jengo la miaka mia saba iliyopita kwenye skrini, na darasa litakaloanza kujengwa kijijini kwake hawezi.

Hapo ndipo penye shabaha ya barua yangu. Madarasa na zahanati zetu nyingi hujengwa kwa fosi akaunti: fedha zinaingia kijijini, kamati inanunua vifaa, mafundi wa hapo hapo wanajenga. Naupenda utaratibu huu, kwa sababu unaacha fedha na ujuzi mikononi mwa wenyeji. Udhaifu wake uko kwenye ramani. Ramani ni ileile Dodoma na ileile Sudi, ila ardhi si moja. Ya kwetu inateremkia kwenye hori, na mvua za pwani tunazijua. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake viliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi. Fundi anaikuta miteremko hiyo siku ya kuchimba msingi, na msingi unakula simenti ambayo haikuwemo kwenye hesabu. Kisha, lipu ikishakauka, anakuja fundi umeme na tindo yake. Baada yake anakuja wa mabomba.

Darasa dogo halihitaji programu ya mamilioni. FreeCAD ni ya bure, na Bonsai, inayofanya kazi ndani ya Blender, nayo ni ya bure. Wanafunzi hupewa Revit na ArchiCAD bila malipo. Anayetumia programu moja anaweza kumpelekea mwenye programu nyingine modeli yake kwa mfumo wa wazi wa IFC. Kompyuta mpakato ya kawaida yenye nguvu za wastani inatosha, na umeme wa kuichaji.

Sitawadanganya kwamba modeli inazuia kila balaa. Machi 2013 ghorofa liliporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu 36. Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo. Nondo pungufu na zege jepesi hazitibiwi na kompyuta. Zinahitaji mhandisi anayesimamia na kamati isiyofumba macho. Hata huku Uingereza, jumba la Grenfell liliungua London Juni 2017 wakafa watu 72, na uchunguzi ukadhihirisha jinsi habari za jengo zilivyokuwa zimetawanyika. Sheria ya mwaka 2022 sasa inawataka wenye majengo marefu ya makazi wazitunze habari hizo kwa njia ya kidijitali, tangu kubuniwa na muda wote watu wakiishi humo.

Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi. Machi 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, meli ya Kijerumani Marie ilijificha kwenye hori yetu ikashusha mizinga na risasi. Mpango ulikuwa wa watu wengine. Waliobeba shehena ile vichwani kuipeleka bara ni Waafrika. Leo Likong'o, si mbali nasi, pametengwa kwa kiwanda cha kusindika gesi asilia ambacho Equinor na Shell wamo kwenye mazungumzo yake. Kiwanda cha namna hiyo hubuniwa kwanza kwenye modeli kabla bomba la kwanza halijachomelewa. Kijana asiyejua kufungua modeli ataajiriwa kubeba na kulinda. Mimi sikubali hilo liwe fungu letu mara ya pili, na gesi ichelewe au isichelewe, mafunzo yanapaswa kuanza sasa.

Basi nawaombeni hivi. Kabla ya msingi unaofuata, chukueni ramani kwa mhandisi wa Halmashauri ya Mtama, mmpe kijana mmoja aijenge kwenye kompyuta juu ya ardhi yetu kama ilivyo, na ahesabu tofali, simenti na bati. Kisha waiteni pamoja mwashi, seremala wa kenchi, fundi umeme na fundi bomba, walitazame jengo hilo na wabishane mpaka wakubaliane. Jengo likikamilika, tunzeni modeli ya kilichojengwa kweli, maana watakaolikarabati bado wako shule ya msingi.

Jina la kijana huyo, wa kiume au wa kike, mwenyekiti wa kijiji aniletee. Nitamfundisha mwenyewe kwa simu ya video kila Jumamosi, bila malipo, mpaka aweze kumfundisha mwingine.

Wenu,
Mtoto wa Sudi, Manchester